Viambata vya mimea dhidi ya Candida

Viambata vya mimea dhidi ya Candida ni kemikali zitokanazo na mizizi, magome, majani au maua, zinazochunguzwa kama zinaweza kutibu maradhi ya fangasi wa jamii ya hamira. Anayesumbua zaidi ni Candida albicans, ambaye huishi kinywani, tumboni na ukeni mwa watu wengi bila madhara. Kinga ya mwili inaposhuka, au mtu anapotumia antibiotiki kwa muda mrefu, au sukari inapopanda kwa mgonjwa wa kisukari, fangasi huyo huzaliana kupita kiasi. Hapo hutokea utando mweupe kinywani, au muwasho na uchafu mzito ukeni, na mtaani yote hayo huitwa fangasi tu.

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, na mikoa hiyo mitatu ndiyo iliyoongoza nchini. Utando unaoshuka hadi kwenye umio ni miongoni mwa dalili za UKIMWI uliokomaa, ingawa dawa za kufubaza virusi zimeupunguza sana. Basi mkazi wa Soweto jijini Mbeya mwenye fangasi ana njia mbili zilizo karibu: duka la dawa, au muuza miti shamba.

Duka la dawa lina nistatini, klotrimazoli na flukonazoli, na orodha haiendelei mbali. Seli ya fangasi inafanana mno na ya binadamu, kwa hiyo sumu ya mmoja huwa sumu ya mwingine. Dawa nyingi hulenga ergosteroli, mafuta ya utando wa seli ambayo fangasi anayo na sisi hatuna. Usugu umeanza kuonekana, na Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilimweka C. albicans katika kundi la hatari zaidi la orodha yake ya kwanza ya fangasi.

Waganga wa Tanzania wamechunguzwa kwa makini kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2006 watafiti wa Muhimbili, akiwemo Deborah Runyoro, walichapisha matokeo ya mimea 36 ambayo waganga wa Pwani, Dar es Salaam, Morogoro na Tanga walisema hutibu Candida. Baadhi yake imeonyeshwa maabarani kuwazuia fangasi hao. Ni matokeo mazuri, maana mimea hiyo ilichaguliwa kwa kufuata kauli za waganga. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, nao wa mimea ya Tanzania, ulitaja miongoni mwa yenye nguvu mng'ongo (Sclerocarya birrea) na mvengi (Syzygium cordatum), mti ambao watu wa nyanda za juu huupanda kulinda vyanzo vya maji.

Kati ya viambata vinavyofahamika vizuri, yujenoli ya karafuu hutoboa utando wa seli ya fangasi, na sitrali ya mchaichai hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Magome makali ya miti ya Warburgia yana poligodiali. Miaka ya 1970 Isao Kubo na Koji Nakanishi walichunguza miti hiyo wakitafuta kitu cha kuwakatisha viwavijeshi hamu ya kula. Nguvu yake dhidi ya hamira ilikuja kuonyeshwa baadaye.

Kuua fangasi kwenye kisahani cha maabara, hata hivyo, ni sehemu rahisi. Tanini za magome hushikana na protini za aina yoyote, kwa hiyo huonekana hodari maabarani na kupotelea mwilini. Huko Melbourne, jaribio lililochapishwa 2014 liliwapa wanawake vidonge vya kitunguu saumu kwa wiki mbili, na Candida ukeni hawakupungua. Matumaini yalitoka Afrika Kusini: mwaka 2009, kwa wagonjwa wa VVU wenye utando kinywani, maji ya limau yaliishinda GV, ile dawa ya zambarau, na mchaichai nao ulionyesha nafuu, japo ushahidi wake ulikuwa hafifu zaidi. Jaribio lilikuwa dogo, lakini lilifanywa kwa wagonjwa halisi, jambo ambalo tafiti nyingi za mimea hazijalifikia.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Usajili hautibu tatizo la utambuzi: muwasho na uchafu ukeni huletwa pia na trikomonasi na bakteria, na dawa ya fangasi, iwe ya kidonge au ya gome, haiwagusi. Kitunguu saumu kibichi au limau vikiwekwa ukeni huunguza ngozi laini, na kidonda hicho hurahisisha maambukizi ya VVU.

Kwa upande wa miti nako kuna gharama. Warburgia ikichunwa gome kuzunguka shina hufa. Majani yake pia yana viambata vya jamii ya poligodiali, na huchumwa bila kuuangamiza mti.