Linus Alilipa Mdogo Mdogo, na Hakuna Aliyemfungia Mashine

Wasee, mwezi uliopita nilinunua tableti ya mitumba pale Luthuli kwa 6,000. Mpango ulikuwa rahisi: nifute Android, niweke Linux kamili, nianze kujifunza kuandika programu, maana laptopu bado ni ndoto. Siku tatu baadaye nikasalimu amri. Tableti ni yangu, risiti ninayo, lakini butiloda imefungwa. Butiloda ni kile kiprogramu kinachoamka kwanza ukiwasha kifaa, na ndicho kinachoamua ni mfumo gani utaingia. Ni kama kununua nyumba halafu soja wa geti anakukataza kubadilisha sofa.

Hasira ikanipeleka kwa historia.

Januari 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, anaitwa Linus Torvalds, alinunua kompyuta ya prosesa ya 386. Hakuwa na doo yote, kwa hivyo alilipa mdogo mdogo kwa miaka 3. Mashine ilikuja na DOS. Akaweka Minix, mfumo wa kufundishia, akaona haumtoshi, akaanza kuandika wake. Agosti mwaka huo, akiwa na miaka 21, akatangaza kwamba anaunda mfumo wa bure, kujifurahisha tu. Hiyo ndiyo Linux.

Sasa fikiria kama duka lingekuwa limeifunga ile mashine.

Na kuna utani mchungu: tableti yangu tayari ina Linux ndani. Android, iliyofika kwa simu 2008, imejengwa juu ya kiini cha Linux. Leseni yake inamlazimu mtengenezaji kutoa kodi ya kiini, lakini haimlazimu kukupa ufunguo wa mlango. Unapewa mapishi, jikoni huingii.

Si ati watu hawajajaribu. Nokia walitoa 770 mwaka 2005, kifaa kidogo cha mkononi chenye mfumo wa Maemo uliotokana na Debian. 2012 ikaja Nexus 7 ya dola 199, ambayo butiloda yake ilikubali kufunguliwa, na watu wa Ubuntu wakaifanya uwanja wa mazoezi. 2014, Jolla ya Finland ilichangiwa zaidi ya dola milioni 1 na watu waliotaka tableti ya Sailfish. Mradi ulikwama, na wengi wao hawakuwahi kuishika. Kisha Pine64 wakaleta PineTab ya kama dola 100 mwaka 2020, na PineTab2 mwaka 2023 kuanzia dola 159. Kwa pesa yetu hiyo ni kama 20,000, kabla ya usafiri na ushuru.

Kwa hivyo tableti ya Linux ipo. Shida ni kwamba ile iliyo wazi ni ghali au iko mbali, na ile ya bei yetu imefungwa.

Hapa kwetu tunajua kufungiwa. Simu ya lipa mdogo mdogo ukichelewa kulipa, skrini inajifunga. Sawa, deni ni deni. Lakini mimi sina deni na mtu, na bado mlango haufunguki. Hilo ndilo linaniuma. Mahali fulani Githurai ama Kisauni kuna msee wa miaka 21 mwenye kichwa cha kuunda kitu kikubwa, na mashine pekee anayoweza kununua inamruhusu kutazama video tu.

Kama unatafuta, usirudie kosa langu. Kabla hujatoa pesa, soma jina kamili la modeli nyuma ya kifaa, kisha angalia kama iko kwa orodha ya postmarketOS, mradi ulioanza 2017 kufufua simu na tableti za zamani. Tableti kuukuu ya Windows yenye prosesa ya Intel mara nyingi hukubali Linux kwa flashi. Na kama umekwama kama mimi, weka Termux juu ya Android hiyo hiyo. Utapata Python, Git na terminali bila kuvunja kitu.

Mimi ndiko nimeanzia. Mlango bado umefungwa, lakini nimepata dirisha. Wewe kabla ya kuuliza bei, uliza kama inafunguka.