Sura, Nasaba na Sauti: Siti binti Saad na Vigezo vya Uzuri Unguja

Mwanamke aliyekuja kujulikana kwa jina la Siti, yaani bibi mwenye hadhi, alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Wazazi wake walikuwa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, lakini sheria haikugusa jicho la mtazamaji. Katika mji ambao uungwana ulipimwa kwa nasaba ya Uarabuni, rangi ya ngozi na aina ya nywele zilisomwa kama hati za ukoo. Lugha yenyewe ni shahidi: nywele za singa zilisifiwa, za kipilipili zikatajwa kwa kejeli, na rangi ya katikati ikapewa jina la upole la maji ya kunde.

Hata hivyo, uzuri wa Waswahili haukuwa suala la maumbile peke yake. Mwana Kupona binti Msham, katika utenzi aliomtungia binti yake yapata mwaka 1858, anamhimiza ajipambe kwa hina, wanja na vito. Uzuri huo ni kazi ya mikono, nayo kazi hiyo huhitaji mali. Mjakazi hakuwa na mali, wala hakuachiwa avae kama bibi yake; vazi lake lilikuwa kaniki, nguo nyeusi isiyo na nakshi. Ndiyo maana wanawake waliotoka utumwani walizikimbilia kanga za rangi, na wengine wakavaa buibui. Wanaoliona jambo hilo kuwa mapenzi ya anasa tu hawajalielewa: nguo ilikuwa tangazo la uhuru.

Kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911, Siti aliuza vyungu vya udongo, akivinadi kwa sauti. Umaarufu wake wa uimbaji ulipopanda, wapinzani walimtungia wimbo wa kumkumbusha alikotoka, shamba, na kaniki aliyoivaa. Jibu lake la wimbo hukaririwa hadi leo: kukosa sura na ukoo mkubwa si hoja, hasara ni kukosa akili. Ifaa kuzingatia kwamba matusi yalihusu nguo na asili, ilhali jibu linataja sura na nasaba kwa pamoja. Siti alitambua kwamba mjini Unguja vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja, na kwamba aliyeitwa mbaya wa uso alikuwa anaitwa mtumwa.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimpeleka Bombay pamoja na wapiga ala wake kurekodi nyimbo za Kiswahili. Santuri haina uso. Msikilizaji wa Mombasa au Dar es Salaam aliipokea sauti kabla ya kupata nafasi ya kumhukumu mwenyewe, bahati ambayo magazeti ya picha hayakuwapa wanawake waliofuata.

Kufikia miaka ya 1960, mikorogo ya kujichubua na nywele za bandia vilikuwa vimeenea mijini. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku vitu hivyo pamoja na sketi fupi na suruali za kubana kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Shabaha iliyotajwa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Lakini hata kabla ya tarehe hiyo, vijana wa kiume waliwashambulia wanawake hadharani Dar es Salaam kwa sababu ya mavazi, na mjadala mkali ukazuka katika kurasa za barua magazetini. Kigezo cha kigeni kilikataliwa. Mamlaka ya kuukagua mwili wa mwanamke yakabaki palepale, yakibadilisha mikono tu.

Wanahabari wanawake wa Tanzania walianzisha chama chao, TAMWA, mwaka 1987. Jarida walilolichapisha waliliita Sauti ya Siti.