Afya ya Betri, au Ujazo Uliosalia?

Tangazo la gari la umeme lililotumika, liwe la Nairobi au la Dar es Salaam, huja na maneno ambayo hayakuwapo katika matangazo ya magari ya petroli: "Afya ya betri asilimia 92." Mnunuzi huyasoma, hulinganisha na tangazo jingine lenye asilimia 84, kisha huegemea kwenye namba kubwa. Si ajabu, kwa sababu betri ndicho kifaa ghali kuliko vyote ndani ya gari hilo. Lakini kabla ya fedha kutoka mfukoni inafaa kujua namba hiyo ni kipimo cha nini, imetolewa na nani, na kama neno "afya" linaistahili.

Wahandisi wa betri hutumia vipimo viwili vyenye majina pacha. Tafsiri ya neno kwa neno imetupa "hali ya chaji" na "hali ya afya", na humo ndimo mkanganyiko ulimoanzia. Chukua pipa la maji. Kipimo cha kwanza husema maji yamefika wapi: robo, nusu, pomoni. Cha pili husema pipa lenyewe limebaki na ukubwa gani, maana pipa hili husinyaa mwaka hadi mwaka. Lililosinyaa bado hujaa pomoni na kuonyesha asilimia 100, ilhali maji yake hayatoshi safari iliyotosha zamani. Kwa kipimo cha kwanza, "kiwango cha chaji" kinatosha kabisa, na simu zimeshatuzoesha. Cha pili ndicho kinachodai jina linaloeleweka.

Kusinyaa huko ni jambo la kikemia. Katika seli ya lithiamu, ioni husafiri kutoka ncha moja kwenda nyingine wakati wa kuchaji na kurudi wakati wa kutumika. Juu ya grafiti ya ncha hasi hujengeka utando mwembamba tangu chaji ya kwanza. Utando huo unahitajika, kwa kuwa huilinda ncha, ila haukomi kukua, na kila unapokua hunasa lithiamu ambayo haitasafiri tena. Joto huuharakisha. Betri kukaa siku nyingi ikiwa imejaa kabisa nako huuharakisha. Ndiyo maana betri huzeeka kwa kutumika na pia kwa miaka kupita, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Mnunuzi aliyezoea kupima uchakavu kwa kilomita zilizomo kwenye dashibodi anahitaji kubadili mazoea: gari lenye kilomita chache linaweza kuwa na betri kuukuu.

Nissan Leaf ndiyo mfano unaotufaa zaidi. Ilianza kuuzwa Desemba 2010, zile za Japani zina usukani upande wa kulia kama magari yetu, na Nairobi iliziona zikifanya kazi ya teksi chini ya NopeaRide kuanzia 2018. Betri ya vizazi vyake viwili vya kwanza haina mfumo wa kupoozwa kwa kimiminika. Hutegemea hewa inayoizunguka tu. Mwaka 2012 wenye Leaf katika jimbo la Arizona, Marekani, walilalamika kwamba joto la huko lilikuwa likila betri zao mapema mno. Kampuni ilikuja na dhamana maalumu ya ujazo: betri ikishuka chini ya vipande 9 kati ya 12 kabla ya miaka 5 au maili 60,000, ingerekebishwa. Dhamana ya namna hiyo hufungwa kwenye soko ambamo gari liliuzwa. Gari lililonunuliwa mnadani Japani likashushwa Mombasa haliji nayo, na wakala wa kampuni aliyeko hapa hawajibiki kwa gari ambalo hakuliuza.

Hivyo vipande 12 vyenyewe vinahitaji kusomwa kwa makini. Pembeni mwa kipimo cha chaji kwenye dashibodi kuna safu ya vijisanduku vyembamba vinavyoonyesha ujazo wa betri, na wauzaji wa Japani hutangaza Leaf iliyotumika kwa idadi yake. Mtu angedhani kila kimoja kina thamani sawa, yaani zaidi kidogo ya asilimia 8. Sivyo. Kijisanduku cha kwanza huzimika baada ya kupotea takribani asilimia 15, na vinavyofuata huzimika kwa kila asilimia 6 na ushei. Kwa hiyo gari lenye vijisanduku vyote 12 linaweza kuwa na asilimia 99 au 86, na muuzaji anasema kweli katika hali zote mbili.

Sasa turudi kwenye neno "afya". Ubora wake ni kwamba linaeleweka papo hapo, hata kwa asiyewahi kusikia habari za kilowati-saa. Kasoro yake ni kwamba linaahidi zaidi ya kile namba inachotoa. Mwenye afya mbovu hutibiwa akapona. Lithiamu iliyonaswa na utando hairudi, na hakuna fundi atakayeirudisha kwa kuchaji polepole au kwa dawa ya dukani. Tena, tunaposema mtu ana afya tunamaanisha mwili mzima, ilhali asilimia ile hueleza jambo moja tu: umeme ambao betri inaweza kubeba leo ukilinganishwa na ule iliobeba ilipokuwa mpya. Haisemi lolote kuhusu ukinzani wa ndani, ambao ukipanda gari hulegea kwenye mlima. Wala haisemi kama seli zake zinalingana. Leaf nyingi zina jozi 96 za seli zilizounganishwa kwa mfululizo, na jozi moja dhaifu huamua mwisho wa safari ya zote: volti yake ikiporomoka, kompyuta hupunguza nguvu ya mota na taa yenye picha ya kobe huwaka. Gari la asilimia 88 lenye jozi moja mbovu ni tatizo kubwa kuliko gari la asilimia 80 ambalo seli zake zote zimezeeka kwa pamoja.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ndilo linalomhusu hasa anayeingiza gari katika nchi ambayo mtengenezaji hana karakana ya kulihudumia. Asilimia hiyo haipimwi moja kwa moja kama volti au joto. Hukadiriwa na kompyuta ya betri, kwa hesabu iliyoandikwa na kampuni. Hesabu ikiwa na kasoro, namba nayo huwa na kasoro.

New Zealand waliliona hilo kwa macho yao. Nchi hiyo, ambayo nayo huendesha upande wa kushoto, ilijaza Leaf zilizotumika kutoka Japani na Uingereza, na wamiliki wakaanza kukusanya vipimo vya magari yao kila mwezi kupitia mradi wa Flip the Fleet. Mwaka 2018 takwimu zao zilionyesha jambo la kutisha: Leaf za kilowati-saa 30 zilionekana kupoteza karibu asilimia 10 kwa mwaka, wakati zile za zamani za kilowati-saa 24 zilipoteza takribani 3. Wenye magari walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba wamenunua betri mbovu. Baadaye mwaka huohuo Nissan ilieleza kuwa kasoro ilikuwa kwenye programu ya kompyuta ya betri, ikatoa toleo jipya, na magari yaliyowekewa programu hiyo yakapanda asilimia. Betri zilikuwa zilezile. Kilichosahihishwa ni makadirio.

Ila programu ile huwekwa kwa mashine ya kampuni, na mashine hiyo huwa kwa wakala. Aliye mbali naye hubaki na namba ya uongo, akaliuza gari kwa hasara au akatupa betri nzima. Mlango huohuo hupitisha udanganyifu kutoka upande wa pili. Baada ya kubadilisha betri, fundi huruhusiwa kuirejesha kompyuta kwenye hesabu ya mwanzo ili vijisanduku vyote 12 viwake. Asiye mwaminifu hufanya hivyo bila kubadilisha chochote. Gari hupigwa picha likiwa na 12, hupakiwa melini, na wiki chache baada ya mwenyewe kuanza kulitumia kompyuta hujifunza upya na vijisanduku huzimika kimoja baada ya kingine. Wakati huo muuzaji ameshalipwa na yuko ng'ambo ya bahari.

Sheria zetu za kuingiza magari bado zinauliza maswali ya petroli. Kenya hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka 8, na ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa hujikita kwenye usalama wa barabarani. Umri una uzito, nimeshaeleza kwa nini, lakini magari mawili ya mwaka mmoja, moja la Hokkaido kwenye baridi na jingine la Okinawa kwenye joto, hayawezi kuwa na betri sawa. Naona ingekuwa haki kwa mnunuzi wa kawaida kama cheti cha ukaguzi kingelazimika kutaja ujazo wa betri na tofauti ya volti kati ya seli.

Kwa sasa mnunuzi ajisaidie. Kidude cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani, pamoja na programu ya simu ya LeafSpy, huonyesha volti ya kila jozi na idadi ya chaji za haraka ambazo gari limepata. Namba hizo ni ngumu kughushi kuliko vijisanduku. Kisha kuna kipimo kisichohitaji kompyuta ya kampuni isipokuwa kwa kusoma kiwango cha chaji tu: mita ya nyumbani. Uniti moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, ni kilowati-saa moja. Liendeshe gari mpaka chaji ishuke kwenye asilimia 20, zima jokofu na kila kitu ndani ya nyumba, soma mita, chaji hadi 100, soma tena. Tuseme Leaf ya kilowati-saa 40 imekula uniti 30. Toa kama asilimia 13 zinazopotea kuwa joto wakati wa kuchaji, zimebaki 26. Hizo ni sehemu ya asilimia 80 ya betri, kwa hiyo betri nzima sasa hubeba takribani 32.5, yaani asilimia 81 ya 40. Ni makadirio pia, lakini ni yako, na kama muuzaji alikuandikia 95 una la kumuuliza.

Pendekezo langu la istilahi linafuata kazi hiyo. Asilimia ile iitwe "ujazo uliosalia". "Ujazo" tunautumia kwa tangi na kwa debe, na hauchanganyiki na nguvu ya mota kama linavyochanganyika neno "uwezo". "Uliosalia" linasema wazi kwamba kuna kilichokwenda na hakitarudi. "Afya ya betri" tusiitupe. Ibaki kuwa jina la jumla la mambo matatu yakisomwa pamoja: ujazo uliosalia, ukinzani wa ndani na ulinganifu wa seli. Anayetamka "afya" awe ametazama yote matatu. "Hali ya afya" iachwe, kwa kuwa afya tayari ni hali.

Na katika mkataba wa kununua, kabla gari halijaondoka Yokohama, sharti liandikwe kwa maneno haya: ujazo uliosalia usiopungua asilimia 80 kwa kipimo cha mnunuzi baada ya kilomita 500 za kwanza, tofauti kati ya seli ionekane kwenye picha ya skrini yenye tarehe na kilomita za gari, na sehemu ya malipo ishikiliwe mpaka kipimo hicho kifanyike.