Kampuni Iliyotaka Kuwa Baba na Mama

Katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Wabelgiji, mwanamume aliyeajiriwa katika migodi ya shaba ya Katanga alihesabiwa kama mtu asiye na kwao. Mkataba wake ulikuwa wa miezi michache. Mke na watoto walibaki kijijini, naye alilala na wanaume wenzake katika vibanda vya kambi, akila alichojipikia huku amechoka. Watu waliletwa kutoka Lomami, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na katika miaka ya 1920 wengine walitoka Ruanda-Urundi, ng'ambo ya mpaka wetu wa Goma. Homa ya mapafu na kuhara damu viliwaua wengi. Wengine walitoroka kabla mkataba haujaisha, na nafasi zao zikajazwa na wageni wasiojua kazi, ambao nao waliugua.

Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilijifunza polepole, na kwa hesabu ya fedha zaidi kuliko kwa huruma, jambo ambalo mama yeyote wa Keshero angeliwaambia bila kudai malipo: mtu asiye na nyumba hadumu kazini.

Vijana wapendwa, huenda mkauliza Katanga inatuhusu nini sisi tunaokaa kando ya ziwa Kivu, mbali na migodi ile. Inatuhusu kwa sababu hakuna mahali pengine katika nchi yetu ambapo uhusiano wa kazi na familia ulipangwa waziwazi namna ile, ukaandikwa katika sajili, ukalelewa kwa miaka mingi, kisha ukaporomoka mbele ya macho ya watu ambao wengi wao wangali hai. Kinachotokea katika nyumba zetu kwa siri, kule kilitokea hadharani.

Mabadiliko yalianza mwishoni mwa miaka ya 1920. Migodi mipya ya Rhodesia ilikuwa ikifunguliwa, na wafanyakazi waliokuwa wakivuka mpaka kuja Katanga walianza kubaki kwao. Kuajiri watu kutoka mbali kuligharimu sana. Ndipo, kuanzia mwaka 1928, Union Minière ikaweka mkataba wa miaka mitatu na kumtaka mfanyakazi aje na mke wake. Aliyesimamia siasa hiyo kwa muda mrefu alikuwa daktari, Léopold Mottoulle, naye mwaka 1946 alichapisha taarifa ya kuisifu baada ya miaka ishirini ya kuitekeleza.

Hatuna budi kukiri kwamba mengi yaliyofanyika yalikuwa mema. Familia ilipewa nyumba yake. Posho iligawiwa kwa mume, kwa mke na kwa kila mtoto. Palijengwa nyumba za kujifungulia, watoto wachanga walipimwa na kupewa maziwa, na watoto waliokua walilishwa katika jiko la kambi. Wamisionari Wabenedikto waliendesha shule. Wanawake walifundishwa kushona na kutunza nyumba. Kijana asiye na mahari aliweza kukopeshwa na kampuni ili aoe. Vifo vilipungua, kazi ikawa na watu waliozoea, na wana wa wachimbaji wakakua wakiijua migodi tangu utoto. Nyumba iliponyanyuka, kazi nayo ilinyanyuka. Hilo ni ushahidi wa historia, na yeyote anayedhani kwamba mwajiri hahusiki na yanayotendeka nyumbani kwa mfanyakazi wake angepaswa kulisoma.

Lakini kampuni haikuijenga nyumba ile ili iwe ya wenyewe. Mkuu wa kambi, Mzungu, alikuwa na neno katika kila jambo. Mgeni, hata awe ndugu wa damu, alihitaji ruhusa ili alale. Mwanamume aliyefukuzwa kazi alipoteza siku hiyohiyo mshahara, nyumba, shule ya watoto na dawa za mkewe. Basi alikaa kimya. Mke, ambaye kijijini alikuwa na shamba lake na ghala lake, sasa alisimama katika mstari wa posho akisubiri kuhesabiwa. Tangu asubuhi hadi usiku alifanya kazi ambayo bila yeye mgodi usingepata mtu mwenye nguvu kesho yake, lakini katika sajili hakuandikwa kama mfanyakazi. Aliandikwa kama mzigo wa mume, pamoja na watoto. Mimi naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote ya mpango ule, kubwa hata kuliko ukali wa mkuu wa kambi, kwa maana liliingia katika fikra za wanaume wenyewe na likabaki humo hata Mzungu alipoondoka.

Mtihani wa kwanza ulikuja upesi. Bei ya shaba ilipoanguka ulimwenguni mwanzoni mwa miaka ya 1930, kampuni iliachisha kazi zaidi ya nusu ya watu wake, na familia zilizoambiwa kwamba kambi ni kwao zikarudishwa makwao. Mtihani wa pili ulikuwa wa damu. Wakati wa vita vya pili vya dunia vitu vilipanda bei, mshahara ukabaki nyuma, na mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, askari waliwafyatulia risasi. Makumi ya watu waliuawa, akiwamo msemaji wao Léonard Mpoyi. Walichokuwa wakidai ni mshahara unaotosha kulisha nyumba.

Dai hilo halikuwa geni kwa Kanisa. Miaka kumi kabla yake, katika waraka Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, Papa Pius XI alikuwa amefundisha kwamba mfanyakazi astahili ujira unaomtunza yeye pamoja na familia yake. Baadaye, mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II katika Laborem Exercens aliusogeza mbele ufahamu huo: kazi huiwezesha familia kuwapo, na familia nayo ni shule ya kwanza ya kazi kwa kila mtu. Angalieni kwamba njia hapa ni mbili. Union Minière ilishika ile ya kwanza tu.

Baada ya uhuru serikali iliitaifisha kampuni, mwaka 1967, nayo ikaja kuitwa Gécamines. Mfumo wa kambi ukaendelea. Watu walizoea kuiita kampuni baba na mama, na hawakusema kwa mzaha: ndiyo iliyowazalisha, ikawasomesha, ikawazika. Halafu baba huyo akaugua. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 nchi nzima iliingia katika uporaji. Kufikia mwaka 1994 shaba iliyotolewa haikufika hata sehemu moja kwa kumi ya ile ya katikati ya miaka ya 1980. Mishahara ilichelewa miezi, kisha miaka. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa hiari.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikwisha kuandika, katika kitabu kilichotoka mwaka 2001, juu ya familia hizo, na katika jina la kitabu akawaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Yaliyotokea nyumbani ndiyo yanayogusa zaidi. Mamlaka ya mume yalikuwa yamesimama juu ya karatasi ya mshahara. Karatasi ilipokosa thamani, alibaki ameketi barazani bila la kusema. Mke alichukua jembe, akafungua shamba nje ya mji, akauza unga, mikate, makala, mafuta kwa kipimo kidogo. Watoto waliacha shule, na wengine wakaenda kuchimba kwa mikono mahali baba alipochimba kwa mashine. Kazi ya mama, ambayo kwa zaidi ya miaka sitini haikuwa na nafasi katika sajili, ndiyo iliyozuia njaa. Nyumba nyingine zilivunjika kwa sababu mume hakuweza kuvumilia kulishwa na yule aliyeambiwa maisha yote kuwa ni mzigo wake. Sioni kwamba umaskini peke yake unaeleza jambo hilo. Aliyefundishwa kwamba heshima yake ni mshahara wake, mshahara ukiondoka afanye nini?

Huku kwetu hapakuwa na Gécamines, ila jambo lenyewe tunalijua. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi ndio waliochanga fedha ili mwalimu apate kula, na ilikuwa hivyo hadi elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019. Familia zililisha kazi, badala ya kazi kulisha familia. Mnamo Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliteketeza katikati ya mji, maduka na ofisi pamoja, na mji ukazidi kupanuka upande huu wa magharibi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipoingia Goma, benki zilifunga milango, na mtu mwenye mshahara akajikuta sawa na asiye nao. Katika kila tukio kati ya hayo, kikapu cha mama ndicho kilichotangulia kurudi barabarani.

Tembeleeni Kituku asubuhi, mitumbwi na meli zinapofika kutoka Idjwi na Minova na ndizi, mihogo na maharagwe. Biashara hiyo si mchezo. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ilizama karibu na gati hilo, ikiwa imejaa watu waliopita majini kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara ya Sake, na wengi walikufa wakiwa wanaliona tayari gati. Mwanamke anayefika Kituku alfajiri ameondoka nyumbani usiku. Huko Katanga, mama alipokuwa mbali, jiko la kambi lilimlisha mtoto, hata kama kampuni ilikuwa na sababu zake. Hapa Keshero hakuna jiko la kambi. Anayebaki na mtoto mara nyingi ni binti mkubwa, wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Huchota maji, huwasha makala, hufua, humbeba mdogo wake mgongoni, na siku mama anapochelewa gatini, hafiki shuleni. Yumo katika makundi yetu ya vijana, na mara nyingi tunamwandika katika orodha ya wasiohudhuria, bila kuuliza alikuwa akifanya kazi gani.