Ramani ya 1914 na hoja ya Pwani

Uzi mfupi, wadau. Mjadala wa mipaka ukipamba moto, hamkosi mtu wa kutuma ramani ya zamani na kusema "jioneeni". Haya, tujipime na ya 1914. Nchi huru Afrika? Wengi mtasema Ethiopia na Liberia, na mko sawa. Misri je? Kwa karatasi ilikuwa ya Waturuki hadi Desemba mwaka huo, ilhali Waingereza waliikalia tangu 1882. Rangi haikwambii nani anatoa amri.

Sasa tafuta nchi inayoitwa Kenya. Haipo! Jina hilo lilikuja 1920. Kismayu nayo iko upande wetu. Italia ilipewa 1925. Na ukanda wa maili kumi wa Pwani ni wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakimlipa kila mwaka. Hapo ndipo "Pwani si Kenya" huanzia. Lakini Sultani aliuachia Oktoba 1963, kwa mkataba.

Mimi naona malalamiko ya ardhi kule ni ya kweli kabisa, ila ramani hii siyo ushahidi wake. Someni sheria ya hatimiliki ya 1908: wenyeji wengi walitoka mikono mitupu, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni.