Jumba la Mbele ya Bahari na Makombora ya 1914

 

Wengi mmeniuliza lile jumba kubwa kwenye picha nilizotuma ni la nani, na kama kweli nililala ndani au nilisimama tu nje nikapigwa picha. Nililala jamani! Siku mbili, chumba kinachotazama bahari. Linaitwa Grand Hotel, liko mji wa Scarborough, pwani ya mashariki ya Uingereza, mwendo wa saa moja na robo hivi kwa treni kutoka hapa Leeds ninapoishi. Lakini badala ya kuwasimulia nilikula nini asubuhi, leo nataka niwape historia ya jumba hilo. Ina kipande kinachotuhusu sisi wenyewe, hasa watu wa Dar.

Tuanze na mji. Hadithi ya Scarborough kuwa mji wa wageni inaanza mwaka 1626 hivi, pale mama mmoja aitwaye Elizabeth Farrow alipogundua chemchemi karibu na ufuo. Watu wakaamini maji yake ni dawa. Wenye pesa wakaanza kuja kuyanywa, na baadaye wakaanza kuoga maji ya bahari, nayo wakasema ni dawa. Mwaka 1845 reli ikafika, na hapo mji ukafurika. Hata waliotoka viwanda vya nguo vya huku Yorkshire, na moshi wao vifuani, wakaweza kwenda kuvuta hewa safi.

Pale hoteli ilipo sasa palikuwa na nyumba za kupangisha wageni. Mwaka 1849 alifikia hapo Anne Brontë, mwandishi wa riwaya, akiwa na kifua kikuu, akitumaini hewa ya bahari itamsaidia. Alifariki siku ya tatu, tarehe 28 Mei, akiwa na umri wa miaka 29. Kaburi lake liko juu kilimani, kwenye kanisa la St Mary's, na ukutani kwa hoteli kuna kibao kinachomkumbusha.

Hoteli yenyewe ilifunguliwa 1867. Aliyeichora ni Cuthbert Brodrick, yule yule aliyechora Town Hall ya hapa Leeds, ambayo napita mbele yake karibu kila wiki. Wakati huo ilihesabiwa miongoni mwa hoteli kubwa kabisa za Ulaya. Na huyu bwana aliipanga kama kalenda! Minara 4, kwa majira manne ya mwaka wa Kizungu. Ghorofa 12, kwa miezi. Dohani za moshi 52, kwa wiki. Vyumba 365, kwa siku. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la herufi V, na wenyeji wanasema ni heshima kwa Malkia Victoria. Imejengwa kwenye ukingo wa jabali, kwa hiyo ukiwa upande wa mjini unaona jengo la kawaida tu, lakini ukishuka ufukweni ukageuka, unaona mlima wa matofali. Mabafu yake yalikuwa na bomba za ziada, moja ya maji baridi na moja ya moto, za maji ya bahari. Yaani tajiri alikuwa anaoga bahari bila kutoka chumbani.

Mandhari ya dirishani nayo ni ya pekee. Chini kuna ghuba, kushoto bandari ndogo na mnara wa taa, na juu ya kilima magofu ya ngome ya zamani. Bahari yenyewe msiifananishe na ya kwetu. Ina rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na upepo wake unakata masikio hata mwezi wa sita. Lakini wazee wa Kiingereza wanakaa kwenye mabenchi na makoti yao, wanaitazama kwa saa nzima bila kusema neno, kama wazee wetu Forodhani au Feri.

Sasa nakuja kwenye kipande chenyewe.

Asubuhi ya tarehe 16 Desemba 1914, kama saa mbili, watu wakiwa wanakunywa chai, meli mbili za kivita za Ujerumani zilitokeza kwenye ghuba hiyo hiyo. Zilikuwa Derfflinger na Von der Tann. Zikaupiga mji kwa mizinga kwa muda wa nusu saa hivi. Scarborough haikuwa na mzinga hata mmoja wa kujibu. Grand Hotel, ikiwa ndiyo jengo kubwa kuliko yote mbele ya bahari, ilipigwa mara nyingi, na ukumbi wa kulia chakula upande wa baharini ukavunjwavunjwa. Mnara wa taa ulitobolewa. Katika nyumba moja tu, mtaa wa Wykeham Street, walikufa watu wanne. Mjini kote walikufa wapatao 18, na mmoja wao alikuwa mtoto mchanga wa miezi 14. Asubuhi hiyo hiyo Wajerumani waliipiga pia miji ya Whitby na Hartlepool, na kwa jumla waliokufa walizidi 100.

Uingereza nzima iliwaka kwa hasira. Yakachapishwa mabango yenye maneno "Kumbukeni Scarborough!" ya kuwaita vijana wajiandikishe jeshini. Bango moja lilionyesha mtoto wa kike amebeba mtoto mchanga mbele ya nyumba iliyobomolewa, ile ya Wykeham Street. Winston Churchill, ambaye wakati huo ndiye alikuwa waziri wa jeshi la majini, alimwandikia meya wa mji barua akisema kwamba aibu ya kuua watoto wachanga wa Scarborough itawaandama mabaharia wa Ujerumani siku zote.

Nilipoyasoma haya nilihesabu siku kwa vidole. Kutoka 16 Desemba rudini nyuma siku 18. Mnafika tarehe 28 Novemba 1914. Siku hiyo meli za kivita zilikuwa mbele ya mji mwingine wa bahari, zikiupiga kwa mizinga. Mji huo ni Dar es Salaam. Na meli zilikuwa za Kiingereza, za jeshi lile lile la waziri Churchill.

Mambo yalikuwa hivi. Vita ilipoanza Agosti 1914, Dar ilikuwa makao makuu ya Wajerumani. Tarehe 8 Agosti meli ya Kiingereza Astraea ilipiga mnara wa simu ya upepo. Baadaye kukawa na makubaliano kwamba mji usishambuliwe, na meli za Kijerumani zilizokuwa bandarini zisitumike. Kila upande ukaushuku mwingine. Tarehe 28 Novemba zikaja Goliath na Fox, na mashua zikaingia bandarini kuharibu injini za meli za Wajerumani. Zikapigwa risasi kutoka nchi kavu. Ndipo meli kubwa zikaelekeza mizinga mjini, na tarehe 30 zikarudia tena. Jumba la gavana lilibomolewa. Afisa mmoja wa Goliath, Henry Peel Ritchie, alijeruhiwa mara kadhaa siku ile ya kwanza, akapewa nishani ya Victoria Cross, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa Waingereza. Yaani nishani hiyo ilipatikana pale pale wanapopita watu wa Kigamboni kila siku kwenda kazini.

Sitaki kusema mambo haya mawili yanalingana kwa kila kitu. Dar kulikuwa na meli za adui bandarini na watu wa kurudisha risasi, Scarborough hakukuwa na kitu. Na wala siwatetei Wajerumani, maana yaliyowapata wazee wetu wakati wa Maji Maji tunayajua. Ninachosema ni hiki: mtu aliyekuwa Uhindini, Kariakoo au Gerezani, kombora likipita juu ya paa lake, alitetemeka vile vile kama yule wa Wykeham Street. Wa Wykeham Street amechorewa bango, ameandikwa vitabuni, na watoto wa shule wanamjua mpaka leo. Wa kwetu ni nani? Vitabu vya Kiingereza vinataja meli, maofisa na nishani. Sanamu ya Askari iliyowekwa Dar mwaka 1927 inawakumbusha askari na wapagazi waliokufa upande wa Mwingereza, na ni haki yao. Lakini yule mama wa mjini siku ile ya Novemba hana hata kibao.

Na hapa ndipo majengo ya zamani yanapokuwa na kazi. Jumba la gavana lilijengwa upya mwaka 1922, na ndilo Ikulu yetu. Kaiserhof, hoteli ya Wajerumani pale mbele ya bahari iliyokuja kuitwa New Africa Hotel, jengo lake la zamani lilibomolewa na sasa limesimama jipya. Zanzibar, Beit al-Ajaib iliyojengwa 1883 ilisimama wakati Waingereza walipopiga majumba ya Sultani tarehe 27 Agosti 1896, vita iliyokwisha ndani ya saa moja. Mizinga haikuiangusha. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka ikiwa kwenye matengenezo, watu wawili wakafa. Ilichoshindwa kufanya mizinga, umri na unyevu vimekifanya.

Grand Hotel nayo imezeeka. Waingereza walipoanza kupanda ndege za bei nafuu kwenda Hispania kutafuta jua, hoteli za pwani zote zilidhoofika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilinunuliwa na kampuni ya Butlin, iliyojulikana kwa kambi za likizo za watu wa kawaida. Nilipokaa mimi, wageni wengi walikuwa wastaafu waliokuja kwa basi, wanacheza bingo jioni chini ya nguzo zilizojengwa kwa ajili ya malodi. Shakwe wanataga kwenye kuta za jabali na za mjini, kelele zao ndizo zinazokuamsha alfajiri. Lakini jumba lipo. Limeorodheshwa kisheria kuwa jengo la kihistoria, daraja la II*, na mwenye nalo hawezi kulibomoa wala kulibadilisha bila kibali. Kwa hiyo mtoto akiuliza, mzazi ananyoosha kidole tu: lile pale, lilipigwa 1914.

Ombi langu kwenu ni dogo. Majengo yetu mengine yameshakwenda, hatuwezi kuyarudisha. Lakini kuna wazee Dar ambao babu zao na bibi zao waliwasimulia habari za mizinga ile, na za watu waliokimbilia mashamba. Mkiwatembelea, chukueni simu, mrekodi sauti zao, muulize mtaa gani, nani alikufa, nani alijificha wapi. Mkinitumia nitaziandika kwa Kiswahili kama walivyosema wao. Baba mkubwa wa Magomeni, naanza na wewe!

Haya, nawaachia hapo. Msalimieni bibi, mwambieni soksi za sufu alizonisisitizia nilizivaa zote mbili mbili.

Wasalaam, ndugu yenu wa Leeds.