Injini ya Kujitengenezea na Gemu za Siku Mbili

Mmeniuliza wengi kwa nini mimi, mtu wa ualimu, hisabati na jiografia, nimejiingiza kwenye mashindano ya kutengeneza gemu, tena kwa injini tuliyoiandika wenyewe mimi na mwenzangu wa chumba. Wanaosoma kompyuta ndio wananicheka zaidi. Mmoja kaniambia natengeneza baiskeli wakati bodaboda zimejaa getini. Basi leo najibu kwa historia, maana naona watu wanadhani gemu jamu zilizaliwa na hizi injini za kupakua bure. Si kweli hata kidogo.

Tuelewane kwanza. Gemu jamu (siyo ile ya kupaka kwenye mkate) ni pale watu wanapotengeneza gemu kuanzia sifuri mpaka inachezeka, kwa siku mbili tatu tu. Jina limetoka kwa wanamuziki wanaokutana na kupiga bila kupanga kitakachotoka. Na injini ni ile kodi (siyo ya TRA) inayofanya kazi za chini: kusoma vitufe, kusogeza vitu, kujua kama risasi imegusa ukuta, kuchora upya kioo chote mara 60 kwa sekunde. Kanuni za gemu na utamu wake vinakaa juu ya hapo.

Sasa twende Oakland, California, Machi 2002. Wakati huo gemu kubwa zilishakuwa ghali mno kutengeneza, na mwenye fedha akiweka mamilioni yake hataki kusikia wazo ambalo halijawahi kujaribiwa. Chris Hecker, Sean Barrett na wenzao wakaitisha mkutano wakauita Indie Game Jam. Huyu Barrett hakuwa mtu wa kubahatisha. Ndiye aliyeandika sehemu ya kuchora picha ya gemu ya Thief iliyotoka mwaka 1998. Kabla ya mkutano akaandika injini yenye jambo moja la ajabu: iliweza kuonyesha watu wadogo wadogo 100,000 kwenye kioo kwa mpigo. Wakaja waandishi wa programu 14, wakakaa siku 4, wakatoka na gemu 12.

Hapo kuna mambo mawili watu wanayaruka. La kwanza, injini iliandikwa kabla. Wageni walikuta moto umeshawaka na maji yanachemka, kazi yao ikabaki kupika. Kwa hiyo ule msemo wa kwamba injini ya kujitengenezea inakula muda wa mashindano ni kweli tu kwa anayeianza saa ya kwanza ya mashindano. La pili, na hili ndilo linalonikosha, injini yenyewe ndiyo ilikuwa swali. Mtu akikupa kioo chenye watu 100,000 huwezi kukwepa kujiuliza: sasa niwafanye nini? Nani anawaongoza? Injini ya kupakua inaweza karibu kila kitu, na kwa sababu hiyo haikuulizi chochote. (Mwalimu yeyote anajua: ukiwaambia wanafunzi waandike insha juu ya chochote, nusu ya darasa inakaa inaangalia dari.)

Mwezi mmoja tu baadaye, Aprili 2002, Geoff Howland akaanzisha Ludum Dare, na hii ilikuwa ya intaneti, kila mtu nyumbani kwake. Ya kwanza ilikuwa ya masaa 24, baadaye wakaongeza yakawa 48. Kwenye mashindano yake makuu unaingia peke yako: picha unachora mwenyewe, sauti unatengeneza mwenyewe, na kodi unaiweka wazi wenzako waisome. Lakini kuja na kodi yako ya msingi uliyoiandika nyumbani inaruhusiwa, mradi usiifiche. Mnaona? Hata wale wakali wa saa walijua kuwa fundi anakuja na patasi yake.

Mfano ninaoupenda ni Markus Persson, yule wa Minecraft. Agosti 2011 alikuwa tayari anajulikana dunia nzima, lakini akaingia Ludum Dare kama watu wengine. Mada ilikuwa kutoroka. Akaandika kwa Java gemu ya kutembea ndani ya magereza, Prelude of the Chambered, na hata kile kipande kinachochora kuta zionekane ziko mbali au karibu akakiandika mwenyewe ndani ya masaa hayo 48. Angeweza kuchukua kitu cha tayari. Ila mwaka 2009 alikuwa ameshatengeneza Left 4k Dead kwa mashindano ambayo gemu nzima haizidi kilobaiti 4. Mtu wa namna hiyo mkono umeshazoea, hahesabu kama ni adhabu.

Sitaki niwe mnafiki kuhusu injini za tayari. Unity ilitoka 2005, na mwaka 2009 wakatoa toleo la bure. Januari mwaka huohuo ikafanyika Global Game Jam ya kwanza, vituo 53 katika nchi 23. Vyombo vya tayari viliwaingiza wachoraji, wanamuziki na walimu ambao wasingeandika mstari mmoja wa kodi. Hilo ni jambo jema, nukta. Ila laptopu yetu ni moja, ya mkono wa pili, na Unity ni gigabaiti kadhaa. Bando la kuishusha tungelila siku ngapi chipsi mayai?

Ndiyo maana tumechagua js13kGames. Aliianzisha Andrzej Mazur mwaka 2012, na hufanyika kuanzia tarehe 13 Agosti hadi 13 Septemba. Gemu inachezwa kwenye kivinjari, na ikishafungwa kwenye faili la zip isizidi kilobaiti 13, yaani baiti 13,312. Picha moja ya simu yako ni mara mia na zaidi ya hapo! Unity haipiti mlangoni. Wimbo wa kurekodi nao haupiti, kwa hiyo hata mlio wa kuruka inabidi utengenezwe kwa hesabu: namba inapanda na kushuka, spika inalia. Hapa injini ya nyumbani si ubishi wa watu wawili wa hosteli. Ndiyo njia ya kawaida.

Na kuna sababu ya ualimu. Mwezi huo mimi na mwenzangu tutakuwa fildi, yeye mkoa wake mimi wangu. Shule nyingi zina kompyuta za zamani, intaneti hakuna, na huruhusiwi kusakinisha kitu. Gemu ya kilobaiti 13 unaibeba kwenye flashi, unaifungua kwenye kivinjari, basi. Nataka gemu ya kujumlisha vekta ambayo kidato cha nne wanaweza kuicheza hata umeme ukibaki robo saa.

Injini yetu mpaka sasa, ikishafungwa, ni kilobaiti 3 na kidogo. Ina mzunguko wa kuchora, vitufe, migongano ya mistatili (duara tumezikataa), na mlio mmoja unaofanana na mbuzi. Tumekubaliana ikifika Agosti haiguswi tena, kama alivyofanya Barrett. Hizo kilobaiti 9 na ushee zilizobaki ni za gemu, na tutakuwa tunatumiana faili kwa WhatsApp, maana kwa uzito huo hata bando la mia tano linatosha.

Kama una sikio la muziki na huogopi sini na kosini, nitafute kabla hatujafunga chuo. Yule mbuzi hafai.